Samaki Mmoja Akioza: Sarufi ya μG na Jibu la "Mfumo Umekataa"



Naomba nianze na kisa, halafu ndiyo niingie kwenye sarufi. Msije mkasema nimechanganya madesa, vyote viwili ni kitu kimoja.

Majira ya baridi yaliyopita nilimtumia shangazi yangu wa Tanga pesa za matibabu, kwa njia ile ile ninayotumia kila mwezi. Safari hii hazikufika. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kaunta. Binti wa watu, mpole kabisa, akabofyabofya kisha akaniambia: "Mfumo umekataa." Nikamuuliza, umemkataa nani, mimi au shangazi? Akatazama tena. "Inaonyesha mpokeaji ana uhusiano na akaunti yenye alama." Uhusiano gani? Hajui. Alama ya nini? Hajui. Nani anajua? "Mfumo." Pesa zilifika siku ya kumi na moja, bila maelezo wala samahani. Jina la kampuni naliacha, maana sidhani kama jirani yake angenijibu tofauti.

Sasa, shangazi yangu ni nani? Ni mama wa miaka sabini na kitu, kijumbe wa upatu wa mtaani kwao. Kila wiki anapokea pesa kwenye simu kutoka kwa kina mama kadhaa, na kila wiki anampa mmoja wao mkupuo. Kwa macho ya mashine, huyu ni mtu anayepokea kutoka kwa wengi na kutoa kwa wengi. Kwa macho ya mtaa, ni mtu anayeaminika kuliko wote.

Kisa hiki ndicho kilichonirudisha kwenye kazi ya wataalamu wanne wa Chuo Kikuu cha Camerino, Italia: Matteo Belenchia, Flavio Corradini, Michela Quadrini na Michele Loreti. Wamebuni lugha ya kuandikia programu inayoitwa μG. Mwaka 2023 walionyesha jinsi ya kuitumia kujenga kihakiki cha mifumo, na mwaka 2024 wakatoa maelezo kamili ya sarufi yake, maana yake na uthibitisho wake. Wanasema wazi kwamba wanataka kutibu ugonjwa wa mashine zinazojifunza, yaani kutoelezeka na kutoaminika. Nikajiuliza: je, lugha hii ingemsaidia yule binti wa kaunta kunijibu?

Nisiwazungushe. Ingemsaidia nusu, na nusu hiyo si haba. Lakini nusu iliyobaki ndiyo inayouma, na ndiyo waandishi walioipita mbio.

WAVU, SI MISTARI YA KIDATO CHA PILI

Tuanze na neno "grafu" kwa sababu limetuharibia mambo. Shuleni grafu ilikuwa ile karatasi ya miraba, mhimili wa x na wa y. Hapa siyo hiyo. Hapa grafu ni wavu: mafundo, na nyuzi zinazounganisha fundo na fundo. Watu ni mafundo, pesa wanazotumiana ni nyuzi. Vituo vya treni ni mafundo, reli ni nyuzi. Nyuzi nyingine zina mwelekeo, kama barabara ya njia moja. Wavuvi wetu wana maneno haya tangu zamani, basi nami nitayatumia.

Mtandao wa nyuroni wa grafu, au GNN kwa kifupi, ni mashine inayofanya kazi juu ya wavu huo. Kila fundo lina lebo, yaani namba zinazolieleza. Kila duru, fundo linasikiliza majirani, linakusanya walichosema, kisha linabadili lebo yake. Duru ya pili linasikiliza tena, na sasa majirani nao wameshasikia ya majirani zao. Kwa kweli ni umbea wa mtaani uliopangwa kihesabu. Kujifunza kunaingia pale ambapo fomula za kusikiliza na kukusanya zina namba ndani yake, na mashine inazirekebisha namba hizo kwa kutazama mifano mingi.

Na jamani tusidharau. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha McMaster, kule Hamilton, pamoja na wenzao wa MIT, mwaka 2023 walitangaza dawa waliyoiita abaucin, inayopambana na Acinetobacter baumannii, bakteria sugu anayesumbua hospitali. Mashine iliyowachujia kemikali ilikuwa ya ukoo huu: atomu ni mafundo, vifungo vya kemikali ni nyuzi. Kwa hiyo sisemi umbea huu ni mbaya. Nauliza tu unapikwaje.

METHALI TATU, HUKUMU TATU

Kiini cha mpishi ni pale pa kukusanya. Fundo limesikia majirani kumi, linayafanya nini maneno yao? Wataalamu wana njia nyingi, ila tatu ndizo maarufu, na zote tatu tumezirithi kwa babu zetu.

Ya kwanza: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Jirani mmoja akiwa na doa, nawe una doa. Kihesabu, chukua kilicho kikubwa kuliko vyote.

Ya pili: haba na haba hujaza kibaba. Jumlisha. Majirani kumi wenye tone moja moja la shaka wanakupa matone kumi.

Ya tatu: wengi wape. Chukua wastani. Majirani tisa wasafi na mmoja mchafu, wewe ni msafi karibu kabisa.

Mtazameni shangazi sasa. Kwa wengi wape, hana neno. Kwa haba na haba, anaonekana mbaya kwa sababu tu anajuana na watu wengi, yaani ujirani wenyewe umegeuka kosa. Kwa samaki mmoja, inatosha mwanachama mmoja wa upatu awe aliwahi kupokea pesa za mtu mwenye alama. Wavu ni ule ule, watu ni wale wale, hukumu tatu. Uamuzi wa methali ipi itumike si wa kihesabu peke yake. Ni uamuzi wa haki.

Katika programu nyingi za leo uamuzi huo umejificha. Kwenye maktaba maarufu ya PyTorch Geometric, kwa mfano, ni neno moja dogo kwenye mabano, na usipoliandika, kwa chombo chake cha msingi cha kupitisha ujumbe, unapewa jumla. Haba na haba, bila wewe kuulizwa! Kumbe wa kulaumiwa si maktaba, ila sisi tunaosoma programu kama tunavyosoma masharti ya benki.

SARUFI YENYEWE

Hapa ndipo μG inaponipendeza. Ni sarufi ndogo, na wana isimu mtaipenda. Ukiacha mapambo ya kuandikia, sentensi zake zinajengwa hivi:

(a) Fomula ψ: kila fundo linabadili lebo yake lenyewe. Linaweza kuchungulia lebo za wavu mzima, ila halifuati nyuzi.
(b) Pembetatu ◁ yenye φ na σ: fundo linasikiliza walio kwenye nyuzi zinazoingia. φ inatunga ujumbe wa kila uzi, σ inakusanya.
(c) Pembetatu ▷ yenye φ na σ: vile vile, lakini kwa nyuzi zinazotoka.
(d) N1; N2: fanya hili, kisha lile.
(e) N1 || N2: fanya yote mawili sambamba, kisha yaunganishe majibu.
(f) Chaguo: kipimo kikikubali fanya hili, la sivyo fanya lile.
(g) Marudio: rudia mpaka hali itulie, isibadilike tena.

Basi. Kila programu ni sentensi iliyotokana na kanuni hizi chache, kama vile "nilimpigia" inavyotokana na ni-li-m-pig-i-a. Ukiandika "linimpigia" mzungumzaji yeyote anakurudisha, na mashine ya Arvi Hurskainen wa Helsinki, aliyeweka mofolojia ya Kiswahili kwenye kanuni za kompyuta na kuchapisha kazi hiyo mwaka 1992, nayo inakurudisha. μG ina kitu zaidi, mfumo wa aina. Ukiunganisha sentensi inayotoa "ndiyo au hapana" na inayodai namba, inakataliwa kabla haijaendeshwa. Ni sawa na upatanisho wa ngeli: "kitabu yangu" haipiti hata kama nia imeeleweka.

Tazameni tena (b) na (c). Kuna pembetatu mbili kwa sababu kutumiwa si kutuma. Mimi nachagua ninayemtumia pesa, sichagui anayenitumia. Shangazi hana uwezo wa kumzuia mtu asiweke pesa kwenye simu yake. Programu inayomhukumu kwa ◁ inamhukumu kwa matendo ya wengine. Inayomhukumu kwa ▷ inamhukumu angalau kwa matendo yake. Katika μG tofauti hiyo iko peupe, ncha imeelekea kushoto au kulia. Na σ, ile methali yetu, ina kiti chake maalumu. Huwezi kuandika pembetatu bila kusema utakusanyaje. Hii ndiyo nusu niliyosema ingemsaidia yule binti, au tuseme msimamizi wake: angeweza kusoma mstari mmoja na kuniambia, "Tumesikiliza waliomtumia, na tumechukua aliye mbaya kuliko wote." Ningekasirika, lakini ningekuwa na kitu cha kubishia.

TRENI YA SCARBOROUGH

Ili tusiongee hewani, tuijaribu kwenye kitu tunachokijua sisi wa huku. Treni ya Line 3 ya Scarborough ilifunguliwa mwaka 1985. Vituo vyake kwa mpangilio: Kennedy, Lawrence East, Ellesmere, Midland, Scarborough Centre, McCowan. Swali: kutoka kituo gani unaweza kufika Kennedy?

Mwanzo, Kennedy peke yake inasema "ndiyo", wengine wote "hapana". Kisha andika sentensi ya marudio: kila kituo kitazame vituo ambavyo reli yake inafika (▷), kikusanye kwa "hata mmoja akisema ndiyo, ni ndiyo", kichanganye na jibu lake chenyewe, kirudie mpaka hali itulie. Duru ya kwanza Lawrence East inasema ndiyo. Ya pili Ellesmere. Ya tatu Midland. Ya nne Scarborough Centre. Ya tano McCowan. Ya sita hakuna kilichobadilika, mashine inasimama.

Tarehe 24 Julai 2023 treni iliacha reli karibu na Ellesmere, upande wa kusini wa kituo, na njia yote ikafungwa moja kwa moja. Kateni basi uzi mmoja tu, ule wa kati ya Ellesmere na Lawrence East, na mwendeshe sentensi ile ile. Duru ya kwanza Lawrence East ndiyo. Ya pili kimya. Vituo vinne vimebaki "hapana". Hatukugusa sentensi hata herufi, wavu ndio umebadilika, na jibu limefuata.

Mnaona? Hapo "samaki mmoja" si dhuluma hata kidogo. Ukitafuta njia, hata jirani mmoja anayefika anatosha. Ubaya wa methali unategemea swali.

Sasa kidogo juu ya historia ya mji wetu huu. Mwaka 2009 Franco Scarselli, Marco Gori na wenzao walitoa mfano wa GNN unaorudia mpaka utulie, ila ili utulivu uhakikishwe walilazimika kuzibana fomula zisipanuke. Mwaka 2015 Yujia Li na Richard Zemel wa Chuo Kikuu cha Toronto, wakiwa na Daniel Tarlow na Marc Brockschmidt wa Microsoft Research, wakaachana na sharti hilo. Wakasema: zungusha duru kadhaa zilizopangwa, basi, na kila fundo liwe na malango ya kuamua lihifadhi nini na lisahau nini. Kwa kufundisha mashine, ulikuwa ujanja mzuri sana, mambo yakawa mepesi.

Lakini ujanja una gharama. Rudini Scarborough, reli ikiwa nzima, mpange duru nne tu badala ya kungoja utulivu. McCowan itajibiwa "hapana"! Si kwamba njia haipo, ni kwamba habari haijafika. Umbea uliokatishwa katikati. Kwa hiyo μG ilipoyarudisha marudio ya mpaka hali itulie, tena kama sehemu ya sarufi na si hila ya pembeni, ilirudisha kitu cha maana. Na herufi μ, kwa wanaojua mantiki, ndiyo alama ya zamani ya nukta tulivu kama hiyo.

MIZANI YA IVERSON

Kukosoa lugha ya programu kwa "naipenda, siipendi" hakutufikishi popote. Toronto ilibahatika kuwa na mtu aliyetuachia mizani. Kenneth Iverson, Mkanada, baba wa lugha ya APL, alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1979 na mhadhara wake ulihusu alama za kuandikia kama chombo cha kufikiria. Mwaka 1980 alihamia kampuni ya I. P. Sharp hapa hapa mjini, na hapa hapa alifariki mwaka 2004. Alitaja sifa tano za alama nzuri. Nazipima moja moja.

Urahisi wa kueleza tatizo: inapita. Mfano wa treni ni mstari mmoja au miwili.

Kudokeza, yaani sentensi moja ikupe wazo la nyingine: inapita vizuri. Geuza ▷ kuwa ◁ na swali la "kutoka wapi nafika Kennedy" linakuwa "kutoka Kennedy nafika wapi". Pembetatu imekufundisha swali ambalo hukuuliza.

Uchache wa maneno: inapita, pengine mno. Alama za Kigiriki na pembetatu zitawafukuza wengi, na ndiyo maana waandishi wameweka pia njia ya kuchora programu kwa picha. Siwalaumu. Iverson mwenyewe alilaumiwa hivyo hivyo kwa APL.

Zimebaki mbili: kuficha mambo madogo, na kukubali uthibitisho. Hapa ndipo nina ugomvi.

KIFICHWACHO NI KIDOGO KWA NANI?

Sarufi ya μG inaishia mlangoni kwa ψ, φ na σ. Ndani ya hizo herufi tatu unaweza kuweka chochote: "na", "au", "jumlisha", au tabaka zima la nyuroni lenye uzani maelfu ambao hakuna binadamu anayeweza kuusoma. Kwa sarufi ni sawasawa, vyote ni ψ. Alama moja, kama mtungi uliofunikwa kawa.

Kuficha kwenyewe si dhambi, Iverson alikuhesabu kuwa sifa. Lakini unachoficha lazima kiwe kidogo kweli. Kwenye GNN iliyofundishwa, kilicho ndani ya ψ si kidogo, ndicho kilichojifunza, ndicho kilichoamua. Mifupa ya sentensi ameichagua mtunzi, nyama imetoka kwenye mifano. Ukinionyesha mifupa ukasema umenieleza mtu, umenipunja.

Ushahidi ninao kwenye kazi yao wenyewe. Mfano wanaong'ara nao ni kile kihakiki cha mwaka 2023, programu inayojibu maswali ya mantiki ya CTL, mfano "je, kutoka hali hii kuna njia ya kufika hali ile?" Ni binamu wa treni yetu ya Scarborough. Mfano safi, naukubali. Lakini fomula zake ni "na", "au", "si". Hakuna uzani wa kufundishwa hata mmoja. Yaani mashine ya kujifunza imeelezeka vizuri sana pale ambapo haijajifunza kitu! Wanaonyesha pia kwamba GNN maarufu zinaweza kuandikwa kwa μG, na ni kweli. Ila kuandikika ni jambo moja, kuelezeka ni jambo jingine. Mashairi ya lugha nisiyoijua nayo nayanukuu herufi kwa herufi.

Kuhusu uthibitisho, nawapa heko. Wametoa maana ya lugha kwa njia mbili: moja inasema kila sentensi *ni* nini kihesabu, nyingine inasema *inaendeshwa* vipi hatua kwa hatua, na wameonyesha zinalingana. Kisha wakathibitisha kwamba sentensi yenye aina sahihi haitakwama kwa kosa la aina. Lugha nyingi zinazotumika makazini hazina anasa hiyo.

Tatizo ni msomaji wa haraka akiona "imethibitishwa" akadhani "inaaminika". Nawapa kisa kidogo. Mafundo mawili, A na B, kila moja linafanya kinyume cha mwenzake. Yote yaanze "ndiyo". Duru ya kwanza yote "hapana". Ya pili yote "ndiyo". Ya tatu "hapana". Aina ni sahihi, sarufi ni sahihi, na halitatulia mpaka kiama. Au mpeleke shangazi: weka haba na haba kwenye mzunguko wa upatu, ambapo pesa zinazunguka na kurudi. Tone moja la shaka likiingia linazunguka nalo, na kila duru linajumlishwa juu ya lile la mwanzo. Aina sahihi, sarufi sahihi, mama wa watu anazidi kuwa jambazi kila duru.

Na hata ikitulia, kutulia si ukweli. Mashine ya Hurskainen inapokubali "nilimpigia", haisemi kwamba nilimpigia kweli. Sisi watu wa lugha tunajua hili tangu darasa la kwanza la isimu: uwongo nao una sarufi nzuri, tena mara nyingi kuliko ukweli. Ajabu ni kwamba likivaa alama za Kigiriki tunalisahau.

KWA HIYO?

Mwenzetu mmoja alinishauri tuitafsiri lugha hii, tuweke "kama... basi... la sivyo", "rudia... mpaka". Sipingi, ni zoezi zuri la darasani. Lakini kutafsiri maneno matano hakutufanyi wenye nyumba. Kitu ambacho Kiswahili kinaweza kuongeza ni majina ya σ. Ukimwambia hakimu wa Tanga au diwani wa Scarborough kwamba "mfumo umetumia kikusanyaji cha upeo", atakuitikia kwa kichwa tu. Mwambie "mfumo huu unahukumu kwa samaki mmoja akioza", uone kama hatakaa sawa kwenye kiti.

Ninachowadai wana μG ni kwamba sarufi isiishie mlangoni. Kungekuwa na alama moja tu inayotofautisha ψ iliyoandikwa na binadamu na ψ iliyofundishwa na mifano. Hata nukta juu ya herufi ingetosha. Msomaji angeona mara moja sentensi hii ina mitungi mingapi iliyofunikwa, na iko wapi. Mfumo wa aina tayari unafuatilia nini kinaingia na nini kinatoka. Ufuatilie na hili pia. Hapo ahadi ya kuelezeka ingekuwa na miguu miwili.

Na wenye kaunta nawadai maswali manne, ambayo sarufi hii tayari inayaweka peupe. Mmesikiliza nani, waliomtumia au aliowatumia? Mmekusanya kwa methali ipi? Mmezunguka duru ngapi, au mpaka itulie? Na ndani ya mtungi, mmemfundisha kwa mifano ya kina nani? Jibu la la nne sarufi haina. Lakini matatu ya kwanza yanajibika kwa mstari mmoja, na hakuna sababu ya mtu mzima kuambiwa "mfumo".

Nimalizie na shangazi. Zile siku kumi na moja hakulala njaa wala hakukosa dawa. Kina mama wa upatu walimpa mkupuo kabla ya zamu yake, bila karatasi, kwa sababu wanamjua. Ule ule wavu uliomtia doa kwenye mashine ndio uliomwokoa mtaani. Mafundo yale yale, nyuzi zile zile, σ tofauti.

Naomba kuwasilisha. Wanahesabu mnikosoe nilipokosea, na wana isimu mnisaidie: "kikusanyaji" tukiiteje kwa Kiswahili kinachosikika?